Mfiwa Mkristo aachwe alie

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo nimelisikia misibani mara nyingi, na ambalo mwaka jana, nilipofiwa na mke wangu, lilinifika mwenyewe: waombolezaji Wakristo kukatazwa kulia, kwa madai kwamba machozi ni dalili ya imani haba.

Siku ya mazishi, mhubiri mmoja aliyeombwa kutoa neno alisoma Waraka wa Kwanza wa Paulo kwa Wathesalonike, sura ya 4, aya ya 13, “msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini,” kisha akawageukia binti zangu waliokuwa wakilia kando ya jeneza na kuwataka wanyamaze. Sikusema kitu, kwa kuwa mfiwa hana nguvu ya kubishana. Lakini Paulo hakusema tusihuzunike. Alichokataza ni huzuni ya mtu asiyetazamia ufufuo.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 11, Martha anampokea Yesu kwa lawama: “Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa.” Hakemewi. Muda mfupi baadaye, katika aya ya 35, Yesu mwenyewe analia machozi, ilhali anajua kwamba Lazaro, ndugu huyo wa Martha, atatoka kaburini siku hiyo hiyo. Zaburi ya 88 nayo inalalamika hadi aya ya mwisho bila kufikia shukrani, na bado imo katika kitabu cha sala. Hiyo ndiyo niliyokuwa nikiisoma usiku, maana Zaburi ya 23, ambayo karibu kila mgeni alinisomea, wakati ule ilikuwa inanipita tu.

Sidharau maneno tuliyoyazoea, kama vile “kazi ya Mungu haina makosa” au “Bwana alitoa, na Bwana ametwaa.” Ila hayo ya pili Ayubu aliyatamka mwenyewe, hakutamkiwa na jirani. Rafiki zake walifanya vema zile siku saba walizoketi naye chini bila kusema neno, na walipoanza kumfafanulia msiba wake ndipo walipoharibu.

Matanga yalipokwisha, turubai likashushwa, viti vya kukodi vikarudishwa na ndugu wakapanda mabasi. Waliobaki ni wanajumuiya, yaani waumini majirani tunaosali pamoja. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walipozipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo katika mkutano wao wa Nairobi mwaka 1976, sidhani kama walikuwa wakifikiria michango, ambayo ndiyo tunayoilalamikia zaidi siku hizi. Kila Alhamisi jioni, kwa miezi mitatu, akina mama wawili walikuja kusali rozari nami. Mmoja wao aliiona kanga ya marehemu ikiwa bado kwenye kamba uani, imepauka upande mmoja kwa jua, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyethubutu kuigusa. Akaianua, akaikunja, akaniwekea magotini. Nililia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, naye hakuniambia ninyamaze. Alisubiri kidogo, kisha akaendelea na tendo la tatu la rozari.

Kwa mapadri, wachungaji na makatekista watakaohubiri misibani, na hasa Novemba 2, Siku ya Marehemu Wote, ombi langu ni moja: someni Yohana 11, na mkifika aya ya 35 msiiruke.

Mfiwa,
Morogoro