Habari za Libya ziambatane na ramani

Ndugu Mhariri,

Habari yenu kuhusu serikali mbili za Libya, moja Tripoli na nyingine mashariki, ilieleza kila kitu kwa ugomvi wa makabila. Naona mmeiruka jiografia. Kutoka Tripoli hadi Benghazi, mji mkubwa wa mashariki, ni takriban kilomita 1,000 kwa barabara, na katikati, kwenye Ghuba ya Sirte, jangwa linashuka mpaka baharini. Ndiyo maana nchi ilipopata uhuru tarehe 24 Desemba 1951 ilikuwa shirikisho la majimbo matatu: Tripolitania (magharibi), Cyrenaica (mashariki) na Fezzan (kusini). Mfumo huo ulifutwa mwaka 1963, miaka michache tu baada ya mafuta kugunduliwa. Gaddafi, aliyempindua Mfalme Idris mwaka 1969, hakuurudisha.

Wengi wetu Libya tunaijua kwa askari waliokuja kumsaidia Idi Amin mwaka 1979, basi. Kwa hiyo naomba kila mnapoandika habari za huko mchapishe ramani, hata ya upana wa safu moja, ikionyesha visima vya mafuta na bandari za Es Sider na Ras Lanuf. Msomaji ataona mwenyewe kinachogombewa.

Msomaji wenu,
Tanga