Barua ya Kufunga Muhula: Kwa Nini Watoto Wanauliza Bei ya Sembe

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Morogoro.

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA ZOEZI LA TAKWIMU KIDATO CHA TATU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Muhula umekwisha salama. Ripoti ya maendeleo ya mtoto wako imeambatanishwa na barua hii. Isome ukiwa naye, saini sehemu ya mzazi, na airudishe siku ya kufungua shule. Tarehe ya kufungua na mahitaji ya muhula wa pili vimeandikwa nyuma ya ripoti, kwa hiyo sivirudii hapa. Nina jambo jingine, ambalo limeleta simu nyingi ofisini.

Wazazi kadhaa wa Kidato cha Tatu wameuliza kwa nini watoto wanafika nyumbani na kuanza kuhoji bei ya sembe, mkaa na nauli ya daladala, huku wakiandika kwenye daftari kama maofisa wa kodi. Mama mmoja alihisi tunatafuta njia ya kupandisha michango. Sivyo. Kipato cha nyumba ya mtu hatujakiuliza wala hatutakiuliza.

Mada ya Takwimu imo kwenye Hisabati ya Kidato cha Tatu. Mazoea ni kuifundisha kwa alama za mtihani za darasa la kubuni: tafuta wastani, chora histogramu, funga daftari. Mtoto anapata vema zake bila kujua alikuwa anatafuta nini. Safari hii walimu wa Hisabati na Jiografia wametumia namba zinazotugusa: taarifa ya mfumuko wa bei inayotolewa kila mwezi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), bei kikomo za mafuta zinazotangazwa na EWURA (mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji) kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ambazo wanafunzi wenyewe wamezikusanya Soko Kuu la Chifu Kingalu na kwenye magenge ya mitaani kwao.

Kazi ilinoga walipogundua kwamba kuandika bei si jambo jepesi. Fungu la nyanya ni shilingi 500 leo, na wiki ijayo ni 500 vilevile. Kikundi kimoja kikanunua mafungu na kuyapima kwa mizani ya maabara: bei imesimama, nyanya zimepungua. Mkaa nao unauzwa kwa kopo, kwa sado na kwa gunia, na gunia lenyewe huenda ni lumbesa, yaani limejazwa kupita kipimo. Kabla hata ya kujumlisha namba mbili, darasa likabishana kipindi kizima kuhusu kipimo gani kitumike. Kwa maoni yangu, ubishi ule ulikuwa na thamani kuliko histogramu kumi.

Baadaye likaja swali ambalo naamini hata nyie mmewahi kulielekeza kwenye redio: wanasemaje mfumuko umeshuka wakati vitu havijashuka? Wastani wa mfumuko wa bei nchini ulikuwa asilimia 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Wanafunzi wakakokotoa: vitu vilivyogharimu shilingi 100,000 mwaka 2021 vinafika takriban 111,600 mwaka 2024. Kilichopungua ni kasi ya kupanda. Bei zenyewe hazikuacha kupanda. Isitoshe, kapu la NBS, yaani orodha ya bidhaa na huduma ambazo bei zake hufuatiliwa, lina vitu vingi, na chakula pamoja na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa uzito wa asilimia 28.2. Nyumba ambayo nusu ya matumizi yake ni chakula itauona unga ukipanda kwa ukali zaidi kuliko fahirisi (namba moja inayojumlisha bei za kapu zima) inavyoonyesha, na hapo NBS haijadanganya wala mama hajatia chumvi. Wanapima makapu mawili tofauti.

Tuligusa pia habari ya uchumi wa kati. Julai 2020 Benki ya Dunia iliitaja Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati, ngazi ya chini. Pato kwa kichwa lilikuwa limetoka dola 1,020 hadi 1,080, na mstari wa kuvuka ulikuwa dola 1,036. Kijana mmoja akauliza mbona baba yake hajazipata hizo dola. Darasa lilicheka, lakini mwalimu alilichukua swali kama lilivyo, akaonyesha jinsi wastani unavyovutwa juu na wachache wenye vingi, na kwa nini ni vizuri kutazama mediani pia, yaani namba ya katikati zikipangwa kutoka ndogo hadi kubwa.

Kulikuwa na grafu moja ya bei ya petroli iliyopanda kama ukuta. Mchoraji alianzisha mhimili wa bei karibu kabisa na bei ya chini, badala ya sifuri. Alipoichora upya, ukuta ukawa mteremko wa kawaida. Sasa wanakagua grafu za magazetini kwa jicho hilo, na nawaonya mapema: watazikagua na zile mnazotumiwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Kompyuta tulizonazo hazitoshi, hivyo kazi kubwa imefanyika kwa karatasi za grafu na kikokotoo. Sioni hasara. Anayeweza kuchora fahirisi kwa mkono hatababaishwa na programu.

Ombi langu kwa likizo ni dogo. Kila mwanafunzi amechagua bidhaa tano, na atazifuatilia mara moja kwa wiki, duka lilelile na kipimo kilekile. Huu ni msimu wa mavuno, bei ya mchele na mahindi huwa inashuka, nasi tunataka wauone mshuko huo kwenye data zao kabla hatujawaeleza kwa nini mfumuko hulinganishwa na mwezi kama huo wa mwaka uliopita. Hahitaji kununua kitu, na asipewe hela kwa kisingizio cha zoezi hili. Mkimtuma dukani, mwacheni aende na daftari. Wiki akisahau, aache nafasi wazi, asibuni namba. Walimu wamekubaliana kwamba nafasi wazi haitamkatia alama, ila bei ya kubuni itamkatia.

Madaftari yatakusanywa wiki ya kwanza ya muhula wa pili.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule