Sindano ya uchungu haipendi joto

Mhariri,

Zahanati ikifunguliwa kijijini, hotuba hutaja vitanda na magodoro. Friji haitajwi. Oksitosini, yaani sindano ya uchungu ya yuniti 10 ya kukaza mfuko wa uzazi na kuzuia damu, anayochomwa mama pajani ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikisahaulika kabatini wiki kadhaa, kichupa hakibadiliki rangi, lakini dawa imepungua nguvu. Mkunga anachoma, mfuko wa uzazi unabaki laini badala ya kukaza kama mpira, damu inaendelea.

Tunaomba friji ya sola yenye kipimajoto, na joto liandikwe asubuhi na jioni, hata sikukuu. Soda za wafanyakazi zitafutiwe friji yake. Pasipo friji, mtoto akishatoka, mama ameze vidonge 3 vya misoprosto, dawa nyingine ya kukaza mfuko wa uzazi, vya maikrogramu 200 kila kimoja, baada ya mkunga kupapasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha. Visibanduliwe kwenye pakiti mapema, unyevu huviharibu.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao wafundishwe kupima damu kwa macho: kanga mbili zikiloa chepechepe, ni karibu nusu lita. Gari liitwe hapo hapo, isingojewe ya tatu.

Wakunga wawili,
Kigoma