Somo, huyo siye babu wa dukani

Chengdu, Sichuan

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa watoto wote. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Umeniuliza kuhusu ile picha niliyokutumia ya sanamu kubwa ya Budha iliyoko Leshan, mji wa huku Sichuan, China: huyo aliyekaa mlimani ndiye yule babu mnene anayecheka, tunayemwona kwenye kaunta za maduka ya Wachina Kariakoo? Ndiye na siye. Kwa ujumbe wa simu nisingemaliza, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Aliyechongwa Leshan ni Maitreya, Wachina humwita Mile, yaani Budha ajaye. Wabudha wanaamini kwamba Siddhartha Gautama, yule Budha aliyeanzisha dini yao, hakuwa wa mwisho. Atakuja mwingine zama ambazo mafundisho yatakuwa yameshasahaulika. Yule babu wa dukani ni habari ya baadaye. Asili yake ni mtawa aliyeitwa Budai, mzururaji mwenye mfuko wake begani, na watu wakaja kuamini kwamba alikuwa Mile mwenyewe aliyejificha katika umbo la fukara. Budai alifariki mwanzoni mwa karne ya 10, na huyu wa Leshan alishamalizika mwaka 803. Kwa hiyo usimtafutie kitambi wala kicheko. Amenyamaza, macho nusu yamefumba, anatazama mto.

Na mtazame anavyokaa. Hakukunja miguu kama Budha wengine. Kakaa kama mtu aliye kitini, nyayo chini, mikono magotini, na mkao huo husomwa kuwa wa mtu anayengoja zamu yake, tayari kuinuka. Masikio marefu yale (kila moja lina mita 7!) yanakumbusha kwamba Siddhartha alizaliwa mwana wa mfalme, akavaa vipuli vizito mpaka ndewe zikanyooka, kisha akavivua vyote akaenda zake. Kimo cha sanamu ni mita 71. Pandanisha minazi mitatu mirefu, ndiyo utaukaribia utosi.

Sasa kwa nini pale? Leshan ndipo mito mitatu inapokutana: Min, Dadu na Qingyi. Maji yalikuwa yakigongana chini ya jabali, mvua zikija vyombo vinavunjika na watu wanazama. Mwaka 713 mtawa Haitong akaanza kumchonga Mile kwenye jabali lenyewe ili ayatulize maji. Zama zile jina la Mile lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Wu Zetian, mwanamke pekee aliyepata kutawala China kwa cheo cha mfalme mkuu, alikuwa ameachia watu wamtangaze kwamba yeye ndiye Mile aliyeshuka, na alikuwa ameondoka madarakani mwaka 705 tu.

Haitong alizunguka miaka akiomba sadaka. Wenyeji wanasimulia kwamba afisa mmoja alikuja kudai chake katika fedha zile, mtawa akamjibu kwamba jicho lake atampa, lakini fedha ya Budha hapati, na palepale akajing'oa jicho. Afisa akakimbia. Sijui wetu wa bandarini wangekimbia! Haitong alifariki kazi haijaisha, ikasimama. Gavana Zhangqiu Jianqiong akaiendeleza, akahamishiwa mji mkuu, ikasimama tena. Wei Gao, gavana wa baadaye, ndiye aliyeikamilisha, miaka 90 tangu patasi ya kwanza, na maandishi yake ya kueleza habari hiyo yalichongwa kwenye jabali kando ya sanamu.

Lakini somo, ukubwa haukunishangaza kama mifereji. Jabali lile ni jiwe la mchanga, jekundu, laini, na Sichuan mvua haina simile. Jiwe la namna hiyo likiachiwa maji lingekuwa limeshamomonyoka uso wote. Wachongaji walilijua hilo. Kichwani pana safu 18 za vishungi vya nywele, vipande vya mawe zaidi ya 1,000 vilivyopachikwa kimoja kimoja, na katika safu ya 4, ya 9 na ya 18 wameficha mifereji. Maji ya mvua yanaingia humo na kuelekezwa pembeni, yasimtiririkie usoni. Mapindo ya joho kifuani nayo ni mifereji. Nyuma ya masikio na kichwa wametoboa njia za kupitisha maji na hewa, jabali lisilowe kwa ndani. Ukisimama chini huoni chochote, unaona nywele na nguo. Mimi naona hapo ndipo penye ibada hasa, kuliko kwenye kimo.

Zamani alijengewa jumba la mbao la ghorofa nyingi la kumkinga. Likaharibiwa katika vita, na leo yamebaki matundu ya nguzo ubavuni mwa jabali. Tangu hapo jua na mvua ni vyake, na zama zetu zimemwongezea moshi wa makaa ya mawe, unaoifanya mvua iwe kali na kumwachia michirizi myeusi usoni. Wamemkarabati mara kadhaa. Agosti 2020 mto ulifurika mpaka ukagusa vidole vya miguu, jambo lililokuwa halijaonekana tangu mwaka 1949. Watu wa huku husema Budha ananawa miguu, kwa utani, lakini mwaka ule maelfu walihamishwa.

Najua utasema mwana wa Kiislamu kafuata nini kwa masanamu. Nilikwenda kutazama, na waliokwenda kuomba niliwapisha. Walikuwa wengi, na vijiti vyao vya udi. Wachina wana msemo juu ya mtu asiyechoma udi siku zote, shida ikimfika ndiyo anaikumbatia miguu ya Budha. Wanafunzi wenzangu huusema kila mtihani unapokaribia, na mimi wameshanitupia.

Ukija, panda mashua kwanza ndipo ushuke zile ngazi za jabalini, maana ukiwa ngazini unaona sikio, halafu bega, halafu kidole. Mwili mzima hauonekani ila kutoka majini.

Nina swali la baba yako. Inasemwa kwamba mito ilitulia kweli, kwa sababu kifusi chote kilichochongwa kilitupwa majini, kikajaza vilindi na kugeuza mkondo. Yeye amepitisha majahazi mlangoni mwa Pangani umri wake wote. Muulize: mawe ya miaka 90 yanaweza kuugeuza mkondo wa mito mitatu, au maji huyafukua yakarudi njia yake? Nijibu kwa maneno yake mwenyewe, usimpunguzie.

Somo yako