Kima kipya cha mshahara kisimamiwe kuanzia kwenye tawi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kazi inayovisubiri vyama vya wafanyakazi kuanzia Januari mosi, 2026, siku ambayo kima kipya cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi kinaanza kutumika. Mimi ni katibu wa tawi la chama katika kiwanda kimoja hapa Temeke, na ninayoyaandika ndiyo tunayoulizana kila tukikutana kantini.

Kwanza viongozi wetu wapewe haki yao. Mei Mosi ya mwaka 2025 pale Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini kwa watumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000 kuanzia Julai. Oktoba ikafuata sekta binafsi: wastani wa kima cha chini umetoka Sh275,060 hadi Sh358,322, sawa na ongezeko la takriban asilimia 30. Nimewasikia watu wakisema hiyo ni hisani tu na vyama havikufanya lolote. Sikubaliani nao. Sekta binafsi tulikaa na amri ya mshahara ya mwaka 2013 mpaka ilipotoka ya 2022. Miaka tisa! Unga ulipanda, nauli ya daladala ikapanda, kodi ya chumba ikapanda, mshahara ukabaki palepale. Safari hii tumesubiri miaka mitatu, na naamini bila TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, na vyama vyake kulirudia suala hili kila walipopewa kipaza sauti, tungekuwa bado tunangoja.

Hata kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, ambacho kilituumiza roho tangu 2018, kimesogea kidogo. Mwaka 2024 mkupuo, ile sehemu ya mafao anayolipwa mstaafu kwa mara moja, ulipandishwa kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na hadi 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Bado hatujaridhika na hilo viongozi wanalijua.

Sasa nije kwenye hofu yangu. Amri ya mshahara haina miguu ya kuingia kiwandani yenyewe. Ofisa kazi tunamwona kwa nadra, na tawi likilala, Februari itafika watu wakilipwa kilekile cha zamani. Tulishaona mwaka 2023 jinsi wenzetu wa viwanda vingine walivyofanyiwa: posho ya nauli na ya chakula zikaingizwa ndani ya mshahara wa msingi, kiwango kikaonekana kimefikiwa, na mtu akaenda nyumbani na fedha zilezile. Na vibarua ndio wanaodhulumika zaidi, kwa sababu wanaambiwa kima cha chini ni cha walioajiriwa. Si kweli. Amri huweka viwango vya saa, siku, wiki na mwezi, kwa hiyo anayesimama getini saa 12 asubuhi akisubiri kuitwa naye anahusika. Wako watu wanaitwa vibarua huku mashine wanayoiendesha haijui mikono mingine kwa miaka.

Jambo la pili ni michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na hili naomba lipewe uzito kuliko yote. Mwanachama wetu mmoja wa idara ya ufungashaji alihamia kwetu baada ya kuachishwa kazi kwingine. Alinionyesha slipu zake za huko: kila mwezi amekatwa asilimia 10, imeandikwa vizuri kabisa. Alipokwenda kufuatilia fao la upotevu wa ajira, lile la theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, akakuta miezi mingi haina kitu. Fao hilo linataka uwe umechangiwa angalau miezi 18, na yake haikufika. Fedha yake mwenyewe ilikatwa, na ile asilimia 10 ya mwajiri nayo haikupelekwa. Alikaa nyumbani na watoto watatu, akila kwa kukopa dukani.

Hilo lisingefika huko kama tawi la mahali pale lingekuwa na utaratibu wa kuwaambia wanachama waangalie taarifa za michango kwenye simu zao kila baada ya miezi mitatu. Ni kazi ya dakika chache baada ya zamu. Mwajiri akijua kwamba watu 200 wanaangalia kwa wakati mmoja, hachelewi kupeleka.

Kwa hiyo ombi langu kwa viongozi wa vyama vyetu, wanapopanga bajeti ya mwaka 2026, ni kwamba fedha zishuke kwenye matawi. Mfanyakazi akijaza fomu ya TUF 6 anaruhusu akatwe ada kila mwezi, na anachotaka kuona ni kiongozi anayejua sheria pale pale anapofanya kazi. Wawakilishi wengi wa matawi hawajapata semina hata moja tangu wachaguliwe. Matokeo yake mtu anafukuzwa, anazungushwa na ofisi ya rasilimali watu kwa maneno matamu, na akija kwenye tawi siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zimeshapita. Inabidi aanze kuomba kwanza asamehewe kuchelewa. Mwakilishi aliyefundishwa angemwambia siku ya kwanza.

Pia tuongeze mikataba ya hali bora, ile ambayo chama na mwajiri hukubaliana kuhusu mishahara na masharti ya kazi. Kima cha chini ni sakafu tu; sehemu zenye mkataba mzuri wa hali bora watu wanalipwa zaidi ya amri, na posho zao zimeandikwa, hazichezewi.

Nimalizie na akina mama, maana katika vikao vya juu suala lao hutajwa mwishoni na muda ukiwa umekwisha. Likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, kwa sehemu kubwa sasa inaheshimiwa. Kinachokiukwa ni kinachofuata. Sheria inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kiwandani mama anaambiwa laini haiwezi kusimama, basi anakamua maziwa chooni na kuyamwaga. Nimewaona dada zetu wakirudi kwenye mashine kifua kimelowa. Madai haya yaingie kwenye kila mkataba wa hali bora utakaojadiliwa mwaka 2026, pamoja na chumba safi chenye mlango unaofungika, na wanaokwenda kuyajadili mezani wawemo wanawake wenyewe.

Katibu wa tawi,
Temeke, Dar es Salaam