Tumalize salio kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji niseme na ndugu zetu wanaoagiza mizigo kutoka China. Mimi ni mkalimani hapa Guangzhou. Kazi yangu ni kuwapeleka wageni madukani na viwandani, kuwasemea bei, na wakishaondoka kufuatilia oda zao mpaka kontena lifungwe. Kila ukikaribia Mwaka Mpya wa Kichina, simu yangu hujaa picha za taa nyekundu na dragoni kutoka kwa wateja wanaotaka niwafikishie wenye viwanda salamu za heri. Salamu ni jambo jema na nazifikisha zote. Linaloniuma ni kwamba wengi wa wanaozituma hawajamaliza salio la mizigo yao.

Wachina hawapendi kuvuka mwaka na deni, liwe la kudai au la kudaiwa. Mwenye kiwanda naye ana watu wanaomngoja: aliyemuuzia malighafi, aliyemtengenezea maboksi, na zaidi wafanyakazi wake, ambao wengi wametoka mikoa ya mbali kama Hunan, Sichuan na Guangxi. Hao husubiri mshahara na bakshishi ya mwisho wa mwaka ndipo wapande treni kwenda kwao, na wapo ambao hiyo ndiyo safari pekee ya mwaka ya kuwaona watoto wao. Sisi kwa kawaida tunatanguliza asilimia 30 ya bei, na 70 tunalipa mzigo ukiwa tayari. Kwa hiyo mteja anapoandika "nitamalizia baada ya sikukuu," fedha anazozuia ndizo nyingi, na anazizuia wiki ileile zinapohitajika kuliko wakati wowote.

Namfahamu mwenye kiwanda cha vigae huko Foshan ambaye alikopa kwa shemeji yake ili awalipe mafundi, huku oda ya mteja wetu ikiwa imekamilika na kupangwa ghalani. Hakumwandikia neno kali, wala hakuacha kujibu salamu zake. Ila msimu uliofuata mteja alipoomba punguzo na kutaka mzigo wake utangulizwe, aliambiwa bei imepanda na foleni ni ndefu. Wengine waliolipa mapema walipata vyote viwili. Huku mtu haambiwi usoni kwamba amevunja heshima. Huonyeshwa kwa namna hiyo.

Sikukuu hii hufuata mwezi kama Idi, ila haizunguki mwaka mzima: huangukia mwishoni mwa Januari au ndani ya Februari. Mwaka 2026 ni Februari 17, mwaka 2027 ni Februari 6. Serikali hutoa mapumziko ya siku nane au tisa, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea hesabu, kwa sababu viwanda hufunga wiki mbili, tatu, hata nne. Wafanyakazi huanza kuondoka kabla, na baadhi hawarudi mpaka siku ya kumi na tano ya mwaka mpya, ile ya sikukuu ya taa. Wengine hawarudi kabisa, kiwanda kikaanza mwaka na mikono migeni. Ushauri wangu ni salio liingie wiki tatu kabla, kwani benki nazo zina siku zake na nafasi kwenye meli hugombaniwa. Na oda ya kwanza baada ya sikukuu ikaguliwe kwa makini kuliko nyingine zote.

Usiku wa mkesha tuwaache watu na familia zao. Ndio mlo mkubwa wa mwaka. Binti wa mauzo aliyekuhudumia mwaka mzima yuko kwa wazazi wake, na akiona ujumbe wa "mzigo wangu umefika wapi?" atajibu kwa adabu, lakini ameondolewa mezani. Mtumie heri, basi. Habari za kontena zingoje.

Anayekuwa huku kazi zinapofunguliwa tena, abebe bahasha nyekundu za kuwapa wafanyakazi vijana. Hapa mkoani Guangdong hazihitaji fedha nyingi. Noti mpya ya yuani 10 au 20 inatosha, ilimradi kiasi kisiwe na nne, tarakimu wanayoihusisha na kifo. Mpe kwa mikono miwili, na asipoifungua mbele yako usione vibaya, ndiyo adabu yao.

Sikukuu nyingine nazitaja kwa ufupi. Qingming, Aprili 4 au 5, ni siku ya kusafisha makaburi ya wazee, kwa hiyo msimpongeze mtu. Ni siku chache tu kabla ya maonyesho makubwa ya biashara ya Canton, hapa Guangzhou, kufunguliwa Aprili 15, na wageni wengi hujikuta wanaandika "heri ya sikukuu" kwa mtu aliye makaburini. Keki za mwezi, zile za sikukuu ya katikati ya vuli, hutolewa kabla ya siku yenyewe. Ikishapita hazina maana tena. Na msiwapelekee maofisa wa serikali zawadi, hata keki. Tangu 2013 chama tawala kimepiga marufuku keki hizo kununuliwa kwa fedha za umma, na ofisa anayepokea zawadi anaweza kuhatarisha kazi yake.

Ndugu Mhariri, serikali ya China hutangaza kalenda ya mapumziko ya mwaka unaofuata kila mwaka unapoelekea ukingoni, pamoja na Jumamosi na Jumapili ambazo watu hufanya kazi kufidia. Nakuomba uichapishe kwenye ukurasa wa biashara mara inapotoka, ili waagizaji wapange malipo yao wakiwa bado na muda.

Mkalimani,
Guangzhou, China