Kitako cha mbao hakina kosa, kosa ni la aliyekipaka

Ndugu Mhariri,

Nilisoma barua ya yule msomaji wenu aliyelalamika kwamba viti vya mninga vinapotea sebuleni, siku hizi kila nyumba plastiki tu, nikasema na mimi niandike maana huku niliko ugomvi huo huo upo ila sio wa viti, ni wa bunduki, kitako chake, yaani ile sehemu ya nyuma unayoegemeza begani, kiwe cha mbao au cha plastiki.

Mimi ni seremala, kazi nimefundishwa na baba yangu Tabora, na huu ni mwaka wa 14 niko jimbo la Pennsylvania, Marekani, natengeneza makabati ya jikoni. Najua nyumbani ukitaja bunduki watu wanashtuka na wana haki yao, lakini huku vijijini bunduki ya kuwinda kulungu ni kama nyavu kwa mtu wa pwani, msimu ukifunguliwa mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba shule nyingi zinafunga kabisa, babu na wajukuu wote wako porini na makoti ya rangi ya chungwa. Na sheria ya jimbo hili hairuhusu kuwinda kulungu kwa raifo inayojipakia yenyewe, lazima kila ukipiga uivute mwenyewe kwa mkono ndio risasi nyingine iingie, ndio maana bunduki ya leva haijafa huku.

Kwa asiyeijua, leva ni ile yenye pete kubwa ya chuma chini ya triga, unaisukuma chini ganda linaruka, unairudisha juu risasi nyingine imeshaingia, na risasi zenyewe mara nyingi zimepanga foleni ndani ya bomba chini ya mtutu. Maarufu kuliko zote ni Winchester ya 1894 aliyoibuni John Browning, zilitengenezwa zaidi ya milioni 7. Halafu kuna Marlin 336 iliyotoka 1948, hii ndio ninayoipenda mimi. Na bunduki hizi sio ngeni kwetu Afrika Mashariki, Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliposhuka meli Mombasa Aprili 1909 alikuwa na Winchester ya 1895, leva hiyo hiyo yenye kitako cha mbao, na ndio aliyoitegemea kwa simba, akaiita bunduki ya dawa, yaani dawa ya simba.

Zote hizo kitako ni mbao ya jozi, wenyewe wanaita wolnati. Sasa miaka hii michache viwanda vimebadilika. Ruger walinunua jina la Marlin mwaka 2020 na sasa wanatoa leva nyeusi tii yenye kitako cha plastiki ngumu, Henry wanayo yao wanaiita X Model, na Smith & Wesson 2024 wakatoa leva yao, nayo ipo yenye kitako cheusi cha plastiki. Zina matundu ubavuni ya kufungia tochi, mtutu una nyuzi za skrubu mbele kwa ajili ya kizuia sauti, na vijana wanazigombania. Wazee wanasema ni uharibifu, vijana wanasema mbao ni ya makumbusho, na pale tunapokunywa kahawa asubuhi kabla ya kazi wanaweza kubishana mpaka bosi anakuja kuwatawanya.

Mimi ni mtu wa mbao lakini sitasema uongo. Plastiki hainywi maji. Mtu anayewinda Alaska kwenye mvua wiki nzima, bunduki imelala chini ya mtumbwi, huyo mwacheni na plastiki yake ana akili timamu. Mbao ikilowa inavimba, ikikauka inasinyaa, na kile kipande cha mbao cha mbele, chini ya mtutu, kikivimba kikaubana mtutu basi risasi inaanza kwenda pembeni na wewe unadhani macho yamezeeka. Hilo ni kweli na seremala yeyote analijua, mlango wa chooni masika haufungi, si ndio hiyo hiyo.

Lakini kuna kitu hawakisemi wanaouza plastiki, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Mwaka juzi kijana ninayefanya naye kazi aliniletea leva yake, kampuni siitaji, kitako kimepasuka nyuma ya ule ulimi wa chuma unaoingia kwenye mbao, ufa kama urefu wa kidole. Duka alikonunulia walimwambia mbao ndivyo zilivyo, haitengenezeki, nunua kitako cha plastiki na bei wakamtajia hapo hapo. Kijana alikuwa karibu kulia maana ile bunduki alipewa na babu yake siku anatimiza miaka 12. Nikamwambia toa risasi zote, hakikisha mara mbili, halafu niachie kitako. Kukitoa ni skrubu moja tu unavuta nyuma kinachomoka. Nikaangalia ndani kwa taa. Mhariri, ndani mlikuwa mkavu kama kuni! Nje wamepaka vanishi inang'aa unajiona uso, ndani pale mbao inapokutana na chuma, kwenye kichwa kilichokatwa ambapo nyuzi zote zimefunguka kama mirija, hamna hata tone la mafuta. Na kila fundi anajua kichwa cha mbao ndicho kinachokunywa maji, ubavuni hakunywi hivyo, ni kama umejenga nyumba ukapaka rangi ukuta mzima halafu ukasahau paa.

Kosa la pili ni mgongo wa ule ulimi wa chuma ulikuwa umegusana na mbao moja kwa moja. Bunduki ikipiga teke chuma kinarudi nyuma kama kabari, unapigilia kabari kwenye kuni mara mia unategemea nini? Inatakiwa uache nafasi ndogo pale nyuma, unene wa karatasi mbili tatu tu, teke lipokelewe na mabega mapana ya mbao na sio na ile ncha. Nikapenyeza gundi kwenye ufa, nikafunga kwa mipira ya baiskeli siku mbili, nikachonga ile nafasi kwa patasi ndogo, halafu ndani kote nikapaka mafuta ya kitani, nikaacha yakauke, nikapaka tena, jumla mara tano. Ameshawinda nayo misimu miwili, mmoja ulikuwa wa mvua na theluji mpaka magotini, na ufa haujafunguka.

Sasa niambieni lile lilikuwa kosa la mbao? Mti wa jozi umekua miaka hamsini, umekatwa, umekaushwa vizuri, halafu mtu wa kiwandani kabana brashi ya mafuta ya senti chache, na lawama apewe mti. Viwanda vingine kwenye bunduki zao za bei ya chini walitumia mbao ya bei nafuu wakaipaka rangi ili ifanane na wolnati, mnunuzi akachoka nayo mapema, na hiyo nayo ikaandikwa kwenye hesabu ya mbao.

Na watu wanasahau ile mbao ya mbele iliwekwa kwa nini. Bunduki ya Henry ya 1860 (sio hii kampuni ya Henry ya leo), ambayo ni mojawapo ya leva za mwanzo, mbele haikuwa na mbao kabisa, ni chuma kitupu, ukipiga risasi nyingi mtutu unakuunguza mkono. Winchester walipotoa ya kwao 1866 wakaweka kipande cha mbao pale, kikawa ndio maendeleo ya wakati ule, kwa hiyo mbao haikuwekwa kwa urembo, ilikuja kutatua tatizo na ikalitatua. Wala plastiki sio ya jana, Remington miaka ya 1960 mwanzoni walitoa leva yenye kitako na mwili wa naironi, Nylon 76, ikadumu miaka michache tu ikaachwa. Plastiki iliyoisaidia leva kwelikweli kwa maoni yangu sio ya kitako, ni kile kincha laini kwenye pua ya risasi za leva za kampuni ya Hornady. Zamani risasi za leva za bomba lazima ziwe na pua bapa au butu, maana ndani ya bomba pua ya moja inagusa kitako cha mwenzake, ikiwa kali inaweza kuilipua, na pua bapa inapoteza kasi haraka hewani. Wakaweka kincha laini kinachobonyea, risasi ikawa kali na salama. Hapo naivulia kofia plastiki.

Lakini kitako, hapana. Kitako cha plastiki kikipita kwenye kichaka kinapiga kelele kama dumu tupu, na kulungu masikio yake unayajua. Kikivunjika unatupa. Cha mbao kikibonyea unaweka kitambaa kibichi juu yake unapitisha pasi ya moto, nyuzi zinakunywa mvuke zinainuka zenyewe, halafu msasa kidogo na mafuta. Kikiwa kirefu kwa mkeo unakikata, mkono ukiwa mdogo unakiranda. Kuna na njia ya katikati, mbao nyembamba nyembamba zilizogandishwa kwa gundi kama plaiwudi, hazivimbi ovyo ila ni nzito, mimi sizipendi sana lakini anayezichagua simlaumu, bado ni mbao.

Yangu ni Marlin 336 ya mwaka 1957, nilinunua kwa mzee jirani ambaye macho yalimkataa. Wiki hii nimeifungua tena napaka ndani kabla msimu haujaanza.

Na yule ndugu wa viti vya mninga, kama bado amebakiwa na hata kimoja, namuomba akipindue aangalie kwenye nyayo za miguu, pale kinapogusa sakafu inayodekiwa kila siku, kama fundi alipaka vanishi au aliacha wazi. Akikuta pakavu, mafuta ya kitani na kitambaa vinatosha, apake leo.

Msomaji wenu,
Seremala wa Tabora, Pennsylvania